Weusi Unaosifiwa: Kitenzi "Idhaamma" katika Qur'ani, Fasihi na Fiqhi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Katika mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya Alasiri, misikiti mingi ya Unguja hukaa darsa ya tafsiri mpaka jua linapokaribia kuzama. Katika darsa moja ya namna hiyo, kijijini Jambiani, tulifika Surat Ar-Rahman. Msomaji aliposoma aya ya 64, ambayo yote ni neno moja tu, tukaeleza kwamba asili ya neno lile ni weusi, na kwamba bustani mbili zilizotajwa pale zimekuwa kijani hata kijani chao kikaelekea weusi.

Kijana mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu: "Sheikh, siku zote tunasikia katika khutba kwamba weusi ni alama ya watu wa Motoni. Vipi tena bustani za Peponi ziwe nyeusi?" Wenziwe wakacheka. Yeye hakucheka. Tukafahamu kwamba swali lake halikuwa la lugha peke yake.

Kabla hatujajibu, mzee mmoja mvuvi aliyeegemea nguzo akasema: "Mwanangu, ukiwa nje ya mwamba unarudi na chombo, ukiona nchi nyeupe, ule ni mchanga na mawe. Ukiona weusi, jua hapo pana minazi, na penye minazi pana watu na pana maji. Sisi tukiwa baharini tunautafuta weusi."

Jawabu ile ilitosha kwa siku ile. Lakini suala lenyewe linastahili kuandikwa kwa marefu zaidi, kwa sababu linawahusu maimamu, walimu wa madrasa na kila anayesimama juu ya mimbari akatarjumu aya kwa Kiswahili. Tunachotaka kukithibitisha katika makala haya ni jambo moja: rangi inapokuja katika Qur'ani kwa umbo la kitenzi, au kwa neno lililozaliwa na kitenzi, hueleza hali iliyokifika kitu au iliyompata mtu, wala haielezi maumbile aliyoumbwa nayo. Mwenye kutarjumu kitenzi hicho kwa sifa tupu ya rangi huenda akahamisha maana kutoka kwenye amali za watu akaipeleka kwenye ngozi zao, na asijue kwamba amefanya hivyo.

Neno na wazani wake

Wanafunzi wa sarfu wanajua kwamba Kiarabu kina wazani maalumu unaotumika zaidi kwa rangi na kwa ila za mwili, nao ni "if'alla". Kutokana nao tunapata "ihmarra", kuwa chekundu. "Isfarra", kuwa cha manjano. "Ibyadhdha", kuwa cheupe. Na "iswadda", kuwa cheusi. Kisha upo wazani mrefu zaidi, "if'aalla", ambao baadhi ya wanazuoni wa lugha wameuona kuwa una kuzidisha kuliko ule wa kwanza. "Idhaamma" ni katika wazani huu wa pili. Asili yake ni "duhma", yaani weusi, na kutokana nayo farasi mweusi huitwa "adham".

Neno lililokuja katika Surat Ar-Rahman ni ismul-faa'il ya kitenzi hicho, kwa umbo la wawili, kwa kuwa bustani zinazosifiwa ni mbili. Katika Qur'ani nzima shina hili halikuja mahali pengine. Limekuja mara moja tu, nalo limekuja kwa sifa na neema. Hii peke yake ni nukta ya kuzingatiwa: Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimelichagua neno la weusi, kikaliweka Peponi, na kikalifanya kuwa aya kamili inayosimama kwa miguu yake.

Imamu At-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria (923), amekusanya katika tafsiri yake kauli za waliotangulia juu ya neno hili. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba maana yake ni kijani; na wengine wakabainisha sababu, kwamba bustani hizo zimepiga weusi kwa kushiba maji. Kauli hizi mbili hazigongani. Ya kwanza inataja rangi, ya pili inataja kilichoileta rangi. Jani lililokosa maji hupauka, kisha likawa la manjano, kisha likakauka. Jani lililoshiba maji hukoza, na likizidi kukoza macho huliona jeusi.

Tena tutazame mpangilio wa aya zenyewe. Aya ya 62 inataja bustani mbili nyengine. Aya ya 64 inataja rangi yake. Aya ya 66 inataja chemchemi mbili zinazofoka maji. Msikilizaji huionyeshwa rangi kwanza, na baada ya kuulizwa juu ya neema za Mola wake, ndipo huonyeshwa chanzo cha rangi ile. Huu ni mfano wa mtu anayeikaribia bustani kutoka mbali: jicho hutangulia kuona weusi wa miti, na anapofika ndipo anapoyaona maji. Yule mzee wa Jambiani hakusoma sarfu, lakini alikuwa ameishi ndani ya maana hii kwa miaka yake yote ya bahari.

Na mwenye kutaka kuiona maana hii nchi kavu, na afuate barabara ya kutoka Jambiani kwenda mjini. Ukanda wetu wa mashariki ni wa mawe ya matumbawe. Udongo ni haba, vichaka ni vifupi, na rangi ya nchi wakati wa kiangazi ni ya kupauka. Mtu akipita Paje akaendelea mbele, mara huingia katika msitu wa Jozani. Hapo mwanga hupungua na miti husimama mirefu na mizito, kwa sababu maji ya chini ya ardhi yako karibu na mizizi. Nchi ni kisiwa kimoja, jua ni moja na mvua ni moja, lakini pale palipo na maji pamepiga weusi. Hiyo ndiyo "idhaamma" kwa macho.

Neno hili katika maandiko ya kale

Waarabu walilitumia shina hili kabla ya Uislamu na baada yake, na matumizi yao yanatusaidia kujua sikio la watu walioteremshiwa Qur'ani lilikuwa linasikia nini.

Kwanza ni katika ushairi. Antara bin Shaddad, mmoja wa wenye Mu'allaqat, amemtaja farasi wake vitani kwa jina la "adham", kwa namna ya kujifakhiri naye na kumhurumia kwa majeraha aliyoyapata. Antara mwenyewe alikuwa mtoto wa mama wa Kihabeshi, mtumwa, na baba yake alichelewa kumkubali kuwa mwanawe mpaka ushujaa wake ulipodhihiri. Katika ulimi wa mshairi huyo, neno la weusi wa farasi lilikuwa neno la ushujaa na uaminifu.

Pili ni katika hadithi za Mtume (s.a.w.). Imepokewa na At-Tirmidhi kwa Abu Qatada (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaja farasi walio bora alianza na "adham", kisha akazitaja alama nyeupe alizonazo usoni. Na katika Sahihi ya Muslim, kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliulizwa vipi atawajua watu wa umma wake ambao bado hawajazaliwa. Akapiga mfano wa mtu mwenye farasi wenye weupe wa paji na miguu, walio katikati ya farasi weusi watupu, "duhm", je, hatawajua farasi wake? Kisha akaeleza kwamba umma wake utakuja na weupe huo kwa athari ya udhu.

Hadithi hii ina fiqhi inayojulikana. Kutokana nayo na mfano wake, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wameweka sunna ya kurefusha "ghurra" na "tahjil", yaani kuzidisha kuosha kidogo kupita mpaka wa faradhi katika uso, mikono na miguu. Lakini ndani yake mna fiqhi nyengine ambayo hatuisikii sana mimbarini. Weupe uliotajwa pale umeletwa na maji ya udhu. Haukuletwa na nasaba, wala na nchi aliyozaliwa mtu, wala na ngozi yake. Bilal Mhabeshi, Suhaib aliyetoka kwa Warumi, na mvuvi wa Jambiani aliyetawadha alfajiri kwa maji ya kisima, wote hutoka katika mlango mmoja wa weupe huo. Na aliyezaliwa mweupe wa ngozi kisha akaacha kusali, hana fungu lake ndani yake kwa sababu ya ngozi.

Tatu ni katika ilimu ya balagha. Wanafunzi waliosoma mlango wa "uslubul-hakim" wanaikumbuka khabari ya Al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 95 Hijria (714), pamoja na Al-Qaba'thara. Al-Hajjaj alimtisha kwamba atampandisha juu ya "adham". Alikusudia pingu, kwa sababu Waarabu waliziita pingu za chuma kwa jina hilo kwa ajili ya weusi wake. Al-Qaba'thara akalipokea neno lile kwa maana ya farasi, akamjibu kwamba mtu mfano wa Amiri ndiye anayewapandisha watu juu ya farasi mweusi na farasi wa kijivu. Kitisho kikageuzwa kuwa ahadi ya zawadi. Walimu huitaja khabari hii kuonyesha ufundi wa jawabu. Sisi tunaitaja kwa sababu nyengine: neno moja la weusi liliweza kubeba pingu na likaweza kubeba farasi wa kifalme, na kilichoamua ni kile kilichosemwa pamoja nalo. Weusi peke yake haukuwa umelaaniwa wala haukuwa umesifiwa.

Nne ni katika fiqhi ya ardhi na historia ya Makhalifa. Nchi ya mabonde ya Iraq iliitwa na Waarabu "As-Sawad", yaani Weusi. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameeleza sababu katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya: Waarabu walipotoka katika nchi yao isiyo na mazao wala miti wakaikaribia Iraq, ulidhihiri mbele yao ukijani wa mashamba, nao walikuwa wakikusanya kijani na weusi katika jina moja. Nchi hii ndiyo ambayo Sayyidna Umar (r.a.) hakuiacha ibaki mikononi mwa wapiganaji walioifungua. Alimtuma Uthman bin Hunaif kuipima, akaiwekea kharaji, ili manufaa yake yawafikie Waislamu waliokuwapo na watakaokuja baadaye. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ametaja katika Minhaj kauli iliyo sahihi katika madhehebu: ilifunguliwa kwa nguvu, ikagawiwa, kisha wenye mafungu wakayatoa, ikawekwa wakfu kwa Waislamu, na kharaji yake ni ujira unaolipwa kila mwaka kwa maslahi yao.

Kila anayesoma mlango huo husoma jina la Weusi tena na tena, na hakuna mwanazuoni aliyefahamu kutokana nalo aibu. Jina lile lilikuwa la shibe. Lilitolewa na watu waliotoka kwenye mawe na mchanga, wakaona kwa mbali pahala penye maji. Sisi watu wa ukanda wa mawe tunalifahamu jina hilo bila ya kufasiriwa.

Upande wa pili: nyuso zitakazobadilika

Sasa turejee kwenye kilichomsumbua yule kijana. Ni kweli kwamba Qur'ani imetumia kitenzi "iswadda" kwa nyuso za walioangamia. Katika Surat Aal Imran, aya ya 106 na 107, imetajwa siku ambayo nyuso zitapata weupe na nyuso zitapata weusi. Na katika Surat Az-Zumar, aya ya 60, zimetajwa nyuso za waliomsingizia uongo Mwenyezi Mungu. Hatuna haja ya kulikwepa hili, wala haifai kulikwepa.

Lakini kitenzi hiki hiki kimekuja katika mahali pengine ambapo wengi husahau kuviunganisha. Katika Surat An-Nahl, aya ya 58, na mfano wake katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 17, ametajwa mtu wa zama za ujinga aliyepewa khabari kwamba amezaliwa mtoto wa kike, uso wake ukapata weusi hali amejaa ghadhabu. Mtu huyu ni Mwarabu yuko hapa duniani, nyumbani kwake. Ngozi yake ya asubuhi ndiyo ngozi yake ya jioni. Kilichobadilika ni uso kwa hamu na hasira. Basi Qur'ani yenyewe imetufasiria kitenzi chake: "iswadda" ya uso ni alama ya lililomo moyoni.

Na zaidi ya hayo, tuitazame rangi ya pili. Katika Surat Yusuf, aya ya 84, macho ya Nabii Yaaqub (a.s.) yalipata weupe kwa huzuni ya kumlilia mwanawe. Kitenzi ni "ibyadhdha", kile kile cha nyuso zenye furaha katika Aal Imran. Hapa weupe ni msiba. Ukichanganya aya hizi pamoja utaona mezani ilivyo sawa: weusi umekuja kwa shibe ya bustani na umekuja kwa huzuni ya uso, weupe umekuja kwa furaha ya uso na umekuja kwa msiba wa macho. Hakuna rangi iliyopewa cheo cha kudumu. Kila kitenzi kinaulizwa: kimetokea nini, kwa nani, na kwa sababu gani?

Huenda msomaji akasema: wapo wafasiri waliosema kwamba nyuso zitakuwa nyeusi kwa hakika yake Siku ya Kiyama, si kwa majazi. Kauli hiyo ipo, na Imamu Fakhruddin Ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria (1210), amezitaja zote mbili katika tafsiri yake: ya wanaosema ni majazi ya furaha na huzuni, na ya wanaosema ni rangi ya kweli. Hatusimami hapa kumrudi yeyote katika wao. Tunasema tu kwamba hata kwa kauli ya pili, rangi hiyo ni ya siku hiyo, na aya yenyewe imeeleza sababu yake kuwa ni kukufuru baada ya kuamini. Haiwezekani kuwa ni rangi ambayo mtu alizaliwa nayo, kwa sababu mtu hazaliwi na rangi ya dhambi ambayo bado hajaifanya.

Tarjama zetu za Kiswahili

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazokubali viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyengine tumezikopa kutokana na vitu: kijani kutokana na jani, manjano kutokana na bizari, samawati kutokana na mbingu. Wala hatuna vitenzi vilivyozaliwa moja kwa moja na rangi hizi kama walivyo navyo Waarabu. Kwa hivyo mtarjumu akifika kwenye "iswadda", njia iliyo rahisi kwake ni kusema "zitakuwa nyeusi". Maneno hayo si makosa. Lakini sikio la Mswahili likisikia "nyuso nyeusi" linakwenda kwa watu linaowajua. Kitenzi kimekuwa sifa, na tukio limekuwa maumbile.

Marehemu Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, aliyefariki mwaka 2006, aliliona hili, na kwa maoni yetu ni katika mambo mazuri ya tarjama yake. Katika Aal Imran alichagua vitenzi viwili: "kunawiri" kwa nyuso za watu wema, na "kusawijika" kwa nyuso za walioangamia. Na alipofika An-Nahl akalirudia neno lile lile la kusawijika kwa yule baba aliyechukia kuzaliwa binti. Kusawijika, kwa anayekijua Kiswahili cha Unguja, ni kuharibika uso kwa maradhi, kwa hamu au kwa hasira mpaka sura ikamgeuka mtu. Mweupe husawijika, na mweusi husawijika. Na mweusi hunawiri kama anavyonawiri mweupe; sote tumewaona wazee wetu weusi walionawiri kwa ibada. Kwa kuchagua vitenzi, Sheikh ameirudisha aya kwenye maana ya tukio, na kwa kulirudia neno moja katika sura mbili ameacha mlango wazi kwa mwanafunzi aifasiri aya kwa aya.

Katika Surat Yusuf, kwa upande mwengine, ameifuata njia ya "kuwa" pamoja na sifa ya weupe. Hapo haidhuru, kwa sababu huzuni imetajwa pale pale na hakuna atakayefahamu vyengine.

Ama katika aya ya 64 ya Ar-Rahman, amekieleza kijani kwa neno la ubivu. Hili ni chaguo la kufikiriwa. Kijani tunachokitaja kila siku ni "kijani kibichi", nacho katika macho ya wengi ni kile kilichokolea kidogo na chenye mwanga. Kwa kuuacha ubichi akachukua ubivu, Sheikh amepata ukamilifu na shibe, kwamba rangi imefika mwisho wake. Tuna neno moja tu la kuongeza, nalo ni la mwanafunzi kwa mwalimu wake. Ubivu katika masikio yetu ni wa tunda, na embe bivu halielekei weusi. Weusi ambao ndio shina la neno umebaki nje ya tarjama. Mwenye kusoma Kiswahili peke yake hatajua kwamba hapa Mwenyezi Mungu amesifu kwa neno la weusi, na kwa hivyo yule kijana wetu hatapata dawa ya swali lake.

Na Kiswahili hakikukosa neno. Kina mama wa vijiji vyetu wanaosuka ukili wanalo. Wanapotia miyaa katika rangi, huiacha ichemke, na wanapoitoa husema "imekoza" au "bado haijakoza". Kukoza ni kitenzi. Hueleza rangi iliyoingia, ikajaa, ikafika kikomo chake. Bustani zilizokoza kwa ukijani hata zikapiga weusi: hivyo ndivyo tunavyopendekeza mwalimu aseme anapofasiri aya hii, hata kama tarjama aliyonayo mkononi imesema vyengine. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, ambaye Qurani Takatifu yake ilikamilika kuchapishwa mwaka 1969, alitufunza kwa tanbihi zake kwamba yale ambayo tarjama haiwezi kuyabeba, sherehe huyabeba. Nasi tufuate mwendo huo.

Kwa nini jambo hili ni zito

Msomaji asidhani kwamba tunabishana juu ya maneno kwa kutaka kujionyesha. Visiwa vyetu vina historia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa hadhi yake ya kisheria mwaka 1897. Lakini maneno ya rangi hayakufungwa siku ile. Yalibaki katika matusi ya watoto, katika posa za ndoa, na katika mzaha wa baraza. Imamu anaposimama akasema kwa haraka kwamba watu wa Motoni ni weusi na watu wa Peponi ni weupe, kisha akaendelea bila ya kufafanua, huenda akawa ametia mzaha ule ndani ya msikiti na akaupa sauti ya Qur'ani. Waliocheka katika darsa yetu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamezoea.

Na hali Mtume (s.a.w.) katika khutba ya kuaga, kama ilivyopokewa na Imamu Ahmad, amekata mzizi wa jambo hili alipobainisha kwamba mwekundu hamzidi mweusi, wala mweusi hamzidi mwekundu, isipokuwa kwa uchamungu. Na Mwenyezi Mungu katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, amezihesabu khitilafu za rangi zetu pamoja na khitilafu za ndimi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Kilichohesabiwa kuwa ishara ya Muumba hakiwezi wakati huo huo kuwa alama ya ghadhabu Yake.

Kwa hivyo tunawausia ndugu zetu maimamu na walimu mambo matatu. La kwanza, anapofika mwalimu kwenye aya ya 106 ya Aal Imran, aiunganishe na aya ya 58 ya An-Nahl, ili wasikilizaji wajue kwamba weusi wa uso hapo ni wa hali. La pili, asiache kuitaja aya ya 64 ya Ar-Rahman, kwa kuwa ndiyo inayosimama upande wa pili wa mezani. La tatu, atumie vitenzi ambavyo lugha yetu imetupa: kunawiri, kusawijika, kupauka, kukoza, na aweke mbali sifa tupu pale zinapoweza kumdhuru mtu aliyekaa mbele yake.

Katika darsa ile tulimaliza aya zilizobaki kabla ya adhana. Tulipotoka, maji yalikuwa yamekupwa, na mistari ya mwani ilionekana kwenye mchanga mweupe kama iliyochorwa kwa wino. Yule kijana alikuwa anatembea nyuma ya yule mzee, amemchukulia viatu vyake. Tulimsikia akimwuliza: "Babu, na usiku je, ule weusi wa minazi mnauonaje?" Mzee akamjibu: "Usiku hatuutazami, mwanangu. Usiku tunasikiliza adhana."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azinawirishe nyuso zetu siku ambayo nyuso zitanawiri, na atuingize katika bustani zilizokoza kwa rehema Zake. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.